Siku Baba Yako Alipotoka kwenye Foleni

Ipo asubuhi moja ya Novemba ambayo haijanitoka akilini, mwanangu Neema. Baba yako, kaka yangu, amesimama mlangoni kwangu hapa South End, Louisville. Ametoka zamu ya ghalani alfajiri ile ile, lakini hana nguo za kazi. Ameshaoga, amenyoa ndevu, amevaa suti ya kijivu ambayo tuliizoea kuiona harusini tu, na viatu vinang'aa. Hata sijamkaribisha, akasema, "Chukua funguo. Unipeleke Shively. Leo nachagua rais."

Ninakuandikia habari za asubuhi hiyo kwa sababu ya jambo ulilolisema Jumapili tukiosha vyombo. Nilikuuliza kama umeshajiandikisha kupiga kura, kwa kuwa umetimiza miaka kumi na minane. Ukanijibu kwa Kiingereza, kama mnavyofanya nyote mkitaka mazungumzo yaishe haraka, kwamba hakuna haja, Kentucky ilishaamuliwa zamani na kura ya rais hapa haibadilishi kitu. Sikukujibu. Nyumba ilikuwa imejaa wageni, na jibu langu lilikuwa refu kuliko kazi iliyokuwa imebaki kwenye sinki. Nimelileta sasa, kwa Kiswahili. Lisome taratibu, na ukikutana na neno usilolijua, mwulize baba yako. Atafurahi, ingawa atajifanya amechoka.

Usinicheke kwamba nazungumza kama bibi kizee. Miaka yangu haijawa mingi hivyo. Lakini wazee wetu wengi walibaki Fizi, kule Kongo, wengine wamezikwa katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na hapa mjini mtu wa rika langu anajikuta amekalia kiti cha mbele kabla hajakizoea. Kiti hicho zamani kilikuwa cha Papa Asende, ambaye utakutana naye mbele kidogo.

Wakati ule nilikuwa bado msichana, nikifanya kazi katika nyumba moja ya kutunzia wakongwe huko Highview. Televisheni ya sebuleni haikuzimwa mchana kutwa, na wakongwe wangu waligombana juu ya wagombea mpaka uji ukapoa. Nami kambini nilikuwa msoma matangazo kwenye kipaza sauti. Tabia ya kutaka kujua habari imetoka wapi na nani ameisema haikuniacha nilipovuka bahari. Nikawa nauliza kila mtu: rais wa hapa anachaguliwaje hasa? Wengi walianza kunieleza kwa kujiamini, halafu wakakwama katikati.

Jibu zuri nililipata kwa watu wetu wenyewe, kwenye simu. Tulikuwa ndugu wanne katika miji mitatu. Baba yako, mkubwa wetu, na mimi kitinda mimba tulipangiwa Louisville. Baba yako mdogo Etabo, aliyetutangulia Marekani, alihamia Columbus, Ohio, kufuata kazi. Shangazi yako Sifa alipelekwa Buffalo, kwenye theluji, na mpaka leo hajawasamehe waliompangia. Kila Jumamosi tuliunganisha simu tukazungumza wote wanne pamoja, na majira yale ya uchaguzi Etabo alikuwa hakamatiki.

"Jana wamegonga tena mlango wangu," alisema. "Vijana wawili, wanauliza nitamchagua nani. Simu hailali. Na mgombea mwenyewe alikuwa hapa Columbus, barabara ikafungwa, nimechelewa kazini."

"Sisi huku hata karatasi moja mlangoni hakuna," Sifa akasema.

"Na huku hakuna," baba yako akasema. "Kwani Louisville tumekosa nini?"

Sifa akacheka. "Hamjakosa kitu, yaya," akamwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa. " Sisi wawili, Kentucky na New York, tumeshaolewa, kila mmoja kwa bwana wake. Ohio bado ni binti yuko kwao, ndiyo maana anapelekewa zawadi."

"Na ni mrembo," Etabo akasema.

"Mrembo nini. Ngoja uolewe, tuone kama hiyo simu itaita."

Mwanangu, utani ule ulinifungulia mlango ambao televisheni haikuufungua. Mtu akipiga kura ya rais hapa, kura yake haiingii katika chungu kimoja cha nchi nzima. Inahesabiwa ndani ya jimbo lake. Kila jimbo lina wajumbe wake wa kumchagua rais, idadi sawa na wawakilishi wake bungeni ukijumlisha maseneta wawili. Kentucky ina wanane. Ohio ina zaidi ya mara mbili yetu, na New York, ambako Sifa yupo, inaizidi Ohio. Karibu majimbo yote hayagawi wajumbe wao. Mgombea anayeongoza jimboni, hata kwa kura chache, huwachukua wote, kama vile binti asivyoolewa na wachumba wawili kwa kuwa wote walimpendeza nusu nusu. Wajumbe wa nchi nzima ni mia tano thelathini na wanane, na anayefikisha mia mbili na sabini ndiye rais. Ndiyo maana imewahi kutokea mtu akapata kura nyingi zaidi nchini na bado akashindwa.

Basi wagombea huenda kule ambako binti hajasema ndiyo. Mahali ambapo jibu linajulikana, hawapotezi mafuta ya ndege.

Kura zikishahesabiwa, mambo hayajaisha, ingawa televisheni inazungumza kana kwamba yameisha. Desemba wajumbe wa kila jimbo hukutana katika mji mkuu wa jimbo lao, wetu Frankfort, wa Etabo pale pale Columbus, wa Sifa Albany, wakaandika jina. Januari Bunge hufungua majina hayo na kuyahesabu mbele ya watu wote, na tarehe ishirini ya mwezi huo rais huapa. Yeye pia huapa, mwanangu. Shika neno hilo, tutalirudia.

Etabo na Sifa walipokuwa wakitaniana, baba yako hakucheka. Wewe ulikuwa mtoto wa kubebwa, mko Kigoma kambini na mama yako na kaka zako, na faili lenu la kumfuata baba lilikuwa linasubiri. Naye alikuwa amesikia, na ilikuwa kweli, kwamba kila mwaka rais ndiye anayetia saini idadi ya wakimbizi watakaopokewa nchini. Akatuambia kwenye simu, kwa sauti ile yake ya chini:

"Nyinyi chekeni. Mtu mmoja akishika kalamu, mke wangu anapanda ndege. Akiiweka chini, mke wangu anabaki. Na mnataka miye nikae nyumbani siku ya kumchagua huyo mtu?"

Ningekuwa na ujuzi nilio nao leo ningemwambia kwamba kalamu ile haiko peke yake. Rais hushauriana na Bunge kabla ya kusaini, fedha za kazi yake hutoka Bungeni, na jaji akiona sheria imevunjwa anaweza kumzuia. Rais wa hapa ni mkubwa, lakini ana watu wanaomshika koti kutoka pande zote. Hata hivyo baba yako hakuwa amekosea. Rais mmoja huongeza idadi ile na mwingine huipunguza, na sisi tuliokuwa na watu kambini tuliisikia tofauti hiyo mwilini.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, mwishoni mwa kiangazi kile, nje ya duka tunalonunua unga wa muhogo na dagaa. Tulikuwa tunatoka, mimi nimebeba mfuko. Mlangoni palikuwa na meza, na kijana mmoja Mkenya, mwanafunzi, mchangamfu, akiandikisha wapiga kura. Aliposikia tunazungumza Kiswahili uso ukamng'aa.

"Mzee, habari yako. Umejiandikisha kupiga kura?"

"Bado. Mnaandikisha hapa?"

"Hapa hapa, ni dakika moja. Wewe ni raia, si ndiyo?"

"Raia kabisa," baba yako akasema, akajinyoosha. "Miye niko raia tangu nizaliwe. Sijagusaka bunduki, hata ya mchezo."

Kijana akacheka sana, akadhani mzee ni mtu wa mizaha. "Poa mzee. Raia kama wewe ndio tunawatafuta." Akatia alama mahali pa kutia alama, baba yako akaweka saini, wakaagana kwa kupeana mikono. Mimi nilikuwa hapo hapo, na sikusikia kosa lolote.

Wewe uliyekulia hapa huwezi kulisikia neno lile kama tulivyolisikia sisi. Kwenu raia ni mtu mwenye pasipoti ya nchi. Kwetu Fizi, raia ni mtu asiye na bunduki. Ukikutana na wanajeshi njiani, wa serikali au wa msituni, huwajui, wakauliza "Nani?", unaweka mzigo chini na kuinua mikono, unasema, "Raia tu." Kuna watu walibaki hai kwa maneno hayo mawili. Baba yako ni mmoja wao. Na miaka ya baadaye, katika mahojiano ya kuja huku, mkalimani alimuuliza: ulikuwa askari au raia? Akajibu raia, na lango likafunguka. Kwa hiyo mtu yeyote aliyemuuliza kama yeye ni raia, alimuuliza kama mikono yake ni safi, naye alijibu haraka na kwa fahari.

Kijana aliuliza: una uraia wa Marekani? Baba yako alisikia: wewe si mwanajeshi? Kijana hakudanganya, baba yako hakudanganya, na karatasi ikaondoka pale mezani ikiwa na uongo.

Baada ya muda ikamfikia kwa posta kadi ya mpiga kura yenye jina lake na mahali pa kupigia. Aliibandika ukutani karibu na picha yenu. Ukiingia chumbani kwake uliona mama yako, nyinyi watoto, na kadi.

Tuirudie asubuhi ya suti. Mahali pa kupigia kura palikuwa ukumbi wa kanisa moja huko Shively. Foleni ilikuwa imetoka nje na kuzunguka ukuta, watu wameshika vikombe vya kahawa, kuna baridi ya kukuna masikio. Mimi nilisimama naye ili tu asiwe peke yake. Mbele yetu, watu wachache kabla yetu, alikuwa amekaa Papa Asende kwenye kigoda chake cha kukunja.

Papa Asende alikuwa mwalimu mkuu kule Fizi, na baba yako alisoma darasani kwake. Hapa Louisville ndiye aliyekuwa mkubwa wetu sote. Alikuwa anapatanisha wanandoa, anasoma barua za shule, na ukimpelekea jambo la kipumbavu alikuacha ulimalize lote, halafu akakuuliza kama una lingine. Alipogeuka akamwona baba yako, akatabasamu.

"Wilondja. Suti hiyo, nani anaoa?"

"Leo hakuna harusi, Papa. Nachagua."

"Bon. Vizuri." Akageukia mbele. Kisha akageuka tena, na tabasamu limepungua. "Uliapa lini? Mbona hukutuita?"

"Kuapa?"

"Kuapa. Mkono juu, mbele ya jaji. Siku yangu wote mlikuja kwangu mkala wali."

"Miye bado sijaapa, Papa. Lakini niko raia. Waliniandika, kadi hii hapa."

Papa Asende akasimama, akakikunja kigoda. Hakupandisha sauti.

"Toka."

"Papa?"

"Toka kwenye foleni. Polepole, kama mtu aliyesahau kitu ndani ya gari. Na wewe, binti, tangulia ukafungue milango."

Nilitangulia. Nilipogeuka nilimwona baba yako bado amesimama, kadi mkononi, na watu wa nyuma wanamtazama waone kama anasogea. Alikuwa mtu mzima, mwenye suti, anafukuzwa kama mtoto aliyechelewa gwaride. Nilidhani atakataa. Mlango ulikuwa karibu kabisa, na mama kijana aliyekuwa mbele yake alikuwa ameshaanza kutafuta leseni yake kwenye pochi. Kisha baba yako akakunja kadi, akaja.

Tulisimama watatu kando ya gari langu. Baba yako alikuwa ametota jasho, baridi ile yote.

"Umeniaibisha, Papa. Mbele ya watu."

"Nimekuaibisha, ndiyo. Sasa nisikilize. Wewe una grini kadi, kibali cha kuishi hapa. Unakaa, unafanya kazi, unalipa kodi, unalalamika bei ya umeme. Yote hayo ni haki yako, hakuna wa kukunyang'anya. Kura ya rais bado. Ile ni ya aliyeapa."

"Lakini aliniuliza kama niko raia. Nikamwambia ukweli."

"Alikuuliza kama una uraia wa nchi hii."

Nikaona neno lile linamgeukia baba yako kichwani polepole. Halafu akasema kitu ambacho sijawahi kukisahau, na hakukisema kwa hasira.

"Donc, basi, kama miye si raia, miye ni nani? Niko askari?"

Papa Asende akamshika bega.

"Wewe ni mtu aliyefika, lakini hajaapa. Basi. Si aibu. Wilondja, ungeingia pale ukachora lile duara la kwenye karatasi ya kura, lingekungoja. Siku ya kuomba uraia watakuuliza: umewahi kupiga kura Marekani? Ukisema ndiyo, wanaweza kukufukuza nchini. Ukisema hapana, umedanganya, na wanaweza kukufukuza nchini. Na mke wako, atakuja huku kumfuata nani?"

"Lakini rais ndiye anasaini, Papa. Wewe unajua."

"Najua. Na unataka kumsaidia kusaini kwa kufuta jina lako mwenyewe?"

Gari liliingia kwenye maegesho, likatoka. Papa Asende alimtazama baba yako kwa macho ya darasani.

"Mlipokuwa kwangu shuleni, mtoto akiulizwa swali asilolielewa, niliwafundisha aseme nini?"

Baba yako aliinamisha kichwa. "Mwalimu, naomba urudie swali."

"Sema tena."

"Mwalimu, naomba urudie swali."

"Bon. Hata nchi hii unaweza kuiambia irudie swali. Haitakasirika. Ikikasirika, iache ikasirike, wewe usijibu mpaka umeelewa."

Kisha akarudi kupiga kura yake. Nafasi yake ilikuwa imeshapita, na hakuna aliyemjua wa kumrudishia. Nilimwona akienda mpaka mwisho wa foleni, nyuma ya watu wote, akakikunjua kigoda, akakaa.

Kwenye gari baba yako alivua koti akalikunja mapajani. Jumamosi iliyofuata Etabo alianza kusimulia jinsi Columbus ilivyosherehekea, Sifa akamkatiza: "Nyamaza kwanza, yaya ana jambo." Baba yako akasimulia. Upande wa Buffalo nilisikia mtu akivuta pumzi. Etabo, ambaye alikuwa ameshaapa, akasema, "Hata mimi ningejibu hivyo hivyo." Kwa mtu mwenye maringo kama yake, ilikuwa zawadi.

Papa Asende alimpeleka baba yako kwa wakili anayesaidia wakimbizi. Wakili akaandika barua jina liondolewe kwenye daftari la wapiga kura, na likaondolewa. Lakini alimwonya kwamba kujiandikisha kwenyewe kutabaki, na ataulizwa. "Ukiulizwa, sema yote," alimwambia. Miaka ikapita, baba yako akiwa na jambo hilo kifuani. Nyinyi mkaja. Huikumbuki siku ile ya uwanja wa ndege, ulilala begani kwa mama yako na ulipoamka ukamkataa baba yako. Alicheka huku akilia. Mimi peke yangu nilijua kwamba hata siku ile alikuwa bado anahesabu kwamba kila kitu kinaweza kuchukuliwa.

Siku ya mahojiano ya uraia ilipofika, ofisa alimuuliza maswali ya historia, akajibu. Rais anachaguliwa kwa miaka mingapi? Minne. Rais akifa, nani anashika nafasi? Makamu wake. Nani anatunga sheria? Bunge. Halafu likaja lile: umewahi kujiandikisha kupiga kura katika nchi hii?

Akasema ndiyo.

Aliniambia kwamba ofisa aliweka kalamu chini. Baba yako akaeleza kwa Kiingereza chake kidogo, polepole, habari za meza nje ya duka. Wakili akatoa kamusi ya Kiswahili, akaonyesha neno raia na maana zake mbili, moja chini ya nyingine. Ofisa alisoma, akauliza maswali, akaandika kwa muda mrefu. Akasema jibu litakuja kwa posta.

Hatukuwaambia nyinyi watoto. Mliona tu kwamba baba amekuwa mtu wa dirishani. Gari la posta liliposimama mtaani aliacha chakula, aliacha sala katikati. Ilikuwa miezi mirefu. Papa Asende alifariki katika miezi hiyo, hakuliona jibu, na kwenye mazishi baba yako alishika jeneza upande wa mbele, amevaa suti ile ile ya kijivu.

Jibu lilikuja. Unalijua, kwa kuwa ulikuwepo ukumbini siku alipoapa. Ulikuwa na gauni la manjano na uliuliza kwa sauti lini tutakwenda kula. Jambo usilolijua ni hili. Baba yako alipoinua mkono, na wewe ulikuwa bado hujafikisha miaka kumi na minane, unaishi nyumbani kwake, sheria ilikufanya wewe pia kuwa raia saa ile ile. Hukuapa wewe. Hukuulizwa swali lolote. Uraia wako ulipita katika mkono wake.

Kama angeingia ule ukumbi wa Shively asubuhi ile, mkono huo haungeinuliwa. Unayo kura leo, mwanangu, kwa sababu siku moja baba yako hakuipiga.

Umesema Kentucky imeshaamuliwa. Pengine kwa mwaka mmoja au mwingine utakuwa sahihi, wala sitakudanganya kwamba kura yako moja itamweka mtu madarakani. Lakini mpigie simu baba yako mdogo Columbus umuulize simu yake inaita mara ngapi siku hizi wakati wa uchaguzi. Atakujibu kwa uchungu kwamba haiiti, binti ameshaolewa, wachumba wamehamia majimbo mengine. Majimbo hubadilika, na hayabadilishwi na waliobaki nyumbani. Tena jina la rais ni la juu tu kwenye karatasi ile. Chini yake kuna mwakilishi atakayemshika rais koti au kumwachia. Kuna jaji. Kuna watu wa halmashauri ya shule ambako wadogo zako wanasoma. Hao hawahitaji wajumbe; kura zako kwao zinahesabiwa moja kwa moja, na wakati mwingine tofauti huwa ndogo kuliko waumini wa kanisa letu.

Usimfanye rais kuwa Mungu, kama sisi tulivyotaka kumfanya tulipokuwa tunaogopa. Wala usimfanye kuwa si kitu, kama wewe unavyotaka sasa kwa kuwa hujawahi kuwa na mtu wako anayengoja saini. Ni mtumishi mwenye kalamu kubwa na muda mfupi. Sheria inasema kazi hiyo ni ya aliyezaliwa raia, kwa hiyo wewe, mtoto wa kambini, hutaipata. Mtoto utakayemzaa hapa anaweza. Mfundishe mapema kwamba kazi yenyewe inaanza kwa kiapo.

Na kila mara ukiulizwa swali katika ofisi yoyote, na neno moja likapita usilishike, sema naomba urudie swali. Usione haya. Ukimwona mgeni wetu kwenye foleni ya kura, usimuulize kama ni raia. Sasa unajua atakachosikia. Muulize kama alivyouliza Papa Asende: umeapa lini? Akikosa jibu, mtoe taratibu, kama mtu aliyesahau kitu garini, hata kama itakubidi upoteze nafasi yako.

Uchaguzi ujao nitakuja kukuchukua asubuhi. Baba yako atavaa suti, usimcheke, na atakaa mwisho wa foleni kwenye kigoda cha kukunja ambacho mjane wa Papa Asende alimpa. Wewe nenda mbele yake.

Mungu akupe masikio ya kusikia neno mpaka mwisho wake. Akupe sauti ambayo hakuna atakayekulazimisha kuiinua wala kuishusha. Mkono wa baba yako uliokufikisha hapa uwe juu ya kichwa chako, na siku utakapoinua wako, uwe safi.